Oili Namba Hamsini na Sufuria ya Mwanatumu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika gereji ya malori ya miwa, kusini ya Msambweni, nimevaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi kana kwamba nakwenda kuposa. Vijana wenzangu wa gereji walilitazama lile shati wakacheka kwa pamoja. Fundi Mkuu hakucheka. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaenda kwenye lori lililokuwa limesimama kivulini, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akarudi nacho.

"Lete kidole," aliniambia.

Nikanyoosha kidole cha shahada. Akanidondoshea tone moja jeusi.

"Sugua na gumba. Haya, yakwambiaje?"

"Ni oili, Fundi."

Gereji nzima ilicheka tena. Fundi Mkuu akangoja wamalize.

"Kwamba ni oili hata mbuzi anajua. Mimi nimekuuliza yakwambia nini. Injini haina mdomo, mwanangu. Husema kwa oili yake. Ukitaka kuitia kitu tumboni, iulize yenyewe kwanza. Usiniulize mimi."

Sikuelewa neno hata moja. Nilijifutia kidole kwenye shati jeupe, na hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi. Mama alilia alipoliona lile shati, lakini si kwa huzuni kubwa, maana sasa nilikuwa mtu wa mshahara.

Jina la Fundi Mkuu lilikuwa Mzee Rashidi, ingawa kazini hakuna aliyelitamka. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alipomletea chakula cha mchana alisimama mlangoni akauliza, "Fundi Mkuu yuko?" Watoto wa mtaani nao walikuwa na jina lao walilomwita akiwa mbali: Mzee Hamsini. Waliliokota kutoka kwenye madebe ya oili yaliyokuwa yamepangwa ukutani kwake, maana yalikuwa ya namba moja tu, namba hamsini.

Niwaeleze vijana wangu habari ya hizo namba, kwa kuwa naona siku hizi mnanunua oili kwa kutazama rangi ya chupa. Namba ya oili ni uzito wake, yaani namna inavyotiririka. Namba ikipanda, oili inakuwa nzito na haikimbii haraka. Ikishuka, inakuwa nyepesi. Oili za zamani zilikuwa na namba moja. Za sasa zina mbili: ya kwanza inakuambia oili itatiririkaje injini ikiwa baridi, ya pili inakuambia itakuwaje injini ikishachemka. Kwa hiyo tano-thelathini ni nyepesi asubuhi na ya kadiri mchana, na ishirini-hamsini ni nzito asubuhi na nzito zaidi mchana. Basi, mmekwisha kusoma shule yote niliyosoma mimi kwa miaka miwili.

Fundi Mkuu hakuwa mjinga kutumia hamsini. Yale malori yalikuwa makuukuu hata siku yaliponunuliwa. Ndani ya injini zile, baina ya chuma na chuma, palikuwa na nafasi pana. Ringi, zile pete zinazozunguka pistoni ili oili isipenye ikaungua, zilikuwa zimelika. Lori linabebeshwa miwa kupita kiasi, linakwenda polepole kwenye mchanga, jua la Msambweni juu yake. Ukitia oili nyepesi humo, ikichemka inakuwa maji, vyuma vinagusana, na injini inaanza kugonga. Hamsini ilikaa katikati kama godoro.

"Joto la pwani lataka kitu kizito," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Oili nyepesi ni ya wazungu kwao, wenye theluji."

Tulimwamini kwa sababu malori yalitembea. Nilikaa kwake mpaka nikajua kusikia beringi inayokufa nikiwa nje ya ua, na mpaka kidole changu kikajua oili iliyochoka, oili iliyoingia maji na oili iliyochanganyika na dizeli. Aliniozesha pia, kwa maana ni yeye aliyekwenda kunisemea kwa wakwe, akawaambia, "Kijana huyu hana kitu, lakini ana kidole." Wakwe walidhani ni mzaha. Mke wangu mpaka leo hunicheka kwamba aliolewa na kidole.

Binti yake mdogo, Mwanatumu, alizaliwa siku nilipokuwa chini ya lori nikifungua sampu, lile bakuli la chini linalohifadhi oili. Fundi Mkuu aliinama akaniambia, "Umepata mtoto," nami nikajigonga kichwa. Tangu hapo mtoto yule ananiita Ami, yaani ndugu ya babake, na sijawahi kumsahihisha.

Kazi ya malori ilipopungua nikaenda Diani, hoteli moja ya pwani iliyokuwa na mabasi madogo ya kupeleka wageni mbugani. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Usafiri, mama kutoka bara, mrefu, mkali, mwenye miwani ya kufunga kwa mnyororo. Kila gari lilipoingia, kitabu chake cha maelezo kilivikwa karatasi ya plastiki kikatundikwa msumarini juu ya meza yangu. Wiki ya kwanza nilichukua debe la hamsini, nikalikaribia basi dogo jipya kwa moyo safi kabisa.

"Fundi," aliniita. "Hiyo ni ya nini?"

"Oili, Madam. Joto la pwani lataka kitu kizito."

"Nani amesema?"

"Fundi Mkuu."

"Huyo Fundi Mkuu ndiye aliunda hii gari?"

Wallahi nilikasirika. Nilitaka kutupa spana nikarudi Msambweni siku ile ile. Lakini nyumbani kulikuwa na watoto, na Madam alikwisha kufungua kitabu, ananisomea kwa utaratibu kama mwalimu wa madrasa. Kumbe injini mpya zimeundwa kwa nafasi ndogo mno. Njia za oili ni nyembamba. Na katika nyingi kati yake oili haina kazi ya kulainisha tu: kuna mtambo juu ya injini unaosukumwa na oili ili vali zifunguke mapema au zichelewe, kutegemea mwendo. Vali ni vile vifuniko vinavyoruhusu hewa iingie na moshi utoke. Oili ikichelewa kufika, mtambo unachelewa, na gari linapoteza nguvu. Nilijifunza, nikatulia, na Madam tukaja kupatana mpaka akanipa unga wa ugali wa kwao kila alipotoka likizo.

Lakini nilipokwenda kumsalimia Fundi Mkuu sikumwambia. Alikuwa akiniuliza, "Huko hotelini mwatia nini?" nami nikajibu, "Tunatia inayofaa, Fundi," akatikisa kichwa kwa kuridhika, akijua inayofaa ni ipi. Heshima si utumwa, na sikuona haja ya kumfundisha mwalimu wangu kuhusu mabasi asiyoyashika.

Hotelini nilitoka nikafungua banda langu mwenyewe Mwabungo, kando ya njia. Hapo ndipo nilipokutana na magari ya watu wa kawaida: vigari vidogo vilivyotumika Japani, vikaja kwetu kumalizia umri wao. Na nikakuta ugonjwa wetu mkubwa, ambao si wa injini, ni wa midomo. Gari likitoa moshi kidogo, jirani asema tia hamsini. Likipiga kelele asubuhi, shemeji asema tia hamsini. Hata asiyewahi kumiliki baiskeli anajua hamsini. Wengine hutia makusudi kabla ya kuuza gari, kwa kuwa oili nzito hunyamazisha injini iliyochoka kwa muda, mnunuzi akaifurahia, akafika nayo Waa, si mbali, ndipo ikafichua ugonjwa wake. Nilikuwa nikiwafokea wateja wangu juu ya jambo hili mpaka mke wangu akaniambia sauti yangu inasikika msikitini.

Sasa nifikie kisa chenyewe, maana ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika.

Mwanatumu alikua akawa mpishi. Si mpishi wa kuchemsha, mpishi wa harusi. Ukila biriani yake huulizi bibi harusi ni nani. Alinunua kigari kidogo cha kubebea masufuria, akang'oa viti vya nyuma, akaweka mikeka. Wakati huo babake alikuwa amestaafu zamani, mjane, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaishi naye Msambweni. Kile kigari kilikuwa kikila oili kidogo na kutoa moshi wa buluu asubuhi. Fundi Mkuu akaisikia harufu yake kutoka barazani.

"Tia hamsini," alisema.

Akatia. Na ukweli lazima usemwe: moshi ulipungua. Fundi Mkuu alifurahi wiki nzima, akawaambia wazee wenzake kwamba macho yamekwenda lakini kazi ingalipo. Mwanatumu naye alifurahi kwa kuwa babake amefurahi. Mimi sikujua lolote.

Miezi ikapita, ukaja msimu wa harusi, ule wa kabla ya Ramadhani ambapo kila mtu anataka kuoa asifuturu peke yake. Siku moja Mwanatumu alikuwa na harusi Kwale mjini. Akapakia masufuria ya pilau, akapita Ukunda, akakata Kombani, akaanza kupanda mlima wa Golini. Katikati ya mlima taa ya njano ya kuonya ikawaka na gari likakata pumzi. Alikanyaga, likaguna. Akakanyaga tena, likasimama kabisa. Huko juu bwana harusi amekwisha kukaa, maulidi yamekwisha kusomwa, na watu wanatazamana.

Ilibidi vijana wa upande wa bwana harusi washuke na bodaboda. Masufuria yakafungwa kwa leso, yakapandishwa moja moja, pilau ikipunga upepo. Watu wa Golini walitoka majumbani kushangilia kama wameona mwenge. Harusi ilikula, na ikala vizuri. Lakini Mwanatumu, akiwa amelowa jasho na aibu, alisema mbele ya kadamnasi, "Haya yote ni hamsini ya Baba!"

Neno hilo lilifika Msambweni kabla yake. Kesho yake gari, lilipokwisha kupoa, likawaka, akalipeleka kwa fundi mmoja wa Ukunda, kijana wa bara mwenye mashine ya kusoma makosa ya injini. Yule akachomoa kijiti, akatazama, akamuuliza, "Madam, nani alikuwekea hii uji?" Naye Mwanatumu, hasira haijamtoka, akarudi nyumbani akamwambia babake, "Fundi asema umenitilia uji."

Jioni ile Mwanatumu alimpelekea babake chakula kwenye sinia, amelifunika kwa kawa kama desturi. Sinia lilirudi, kawa haijafunuliwa. Kesho yake vivyo hivyo. Mzee akawa anajichemshia chai mwenyewe kwa kupapasa, anakula mkate mkavu.

Mwanatumu alikuja bandani kwangu akilia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Baba hali chakula changu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amesusa. Ami, mimi nawapikia watu harusi zao, nawabarikia wali kwa mkono huu, na babangu mzazi hali chungu changu. Hiyo baraka nitaitoa wapi? Nimemwomba radhi mlangoni, hageuki. Na gari nikilitengeneza kwa kutoa ile oili yake, si ndiyo nitakuwa nimempiga kofi la pili?"

Wasomaji wa mbali huenda mkaona ni jambo dogo, mzee kununa kwa ajili ya oili. Kwetu si dogo. Mtoto asiye na radhi ya mzazi hata akipika asali itakuwa chungu, ndivyo tulivyolelewa, na Mwanatumu aliliamini hilo kwa moyo wake wote. Na mzee naye, jicho hana, kazi hana, kilichombakia ni neno lake. Watu wa Msambweni walikuwa bado wakija barazani kwake kuuliza kuhusu magari yao. Ukiliondoa neno hilo, umemwachia nini? Nilimpenda yule mzee. Niliogopa kwenda.

Nilikwenda asubuhi, nikiendesha kile kigari chenyewe, hamsini ikiwa bado tumboni, taa ya njano inawaka njia nzima. Mwanatumu alikaa ubavuni kwangu. Fundi Mkuu alikuwa barazani. Alilitambua gari kabla sijazima.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kunihukumu?"

"La hasha. Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nini? Nenda kwa yule wa mashine."

"Mashine yake yajua kusoma, haijui kusikia. Nataka sikio lako."

Sikusema uongo. Nilikuwa najua ugonjwa, lakini sikujua namna ya kuutaja mbele yake, na njia pekee niliyoifikiria ni ile aliyonifundisha yeye. Akanyoosha mkono nimwongoze, tukashuka barazani. Nikawasha injini. Akataka bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini sikioni, kama daktari. Akaihamisha kulia, akaihamisha kushoto.

"Huku chini hakuna neno," alisema. "Juu pana kitu kinachelewa. Kinaitwa, kinaitika nyuma."

"Nikifungue?"

"Umekuja kunitazama uso?"

Nikazima, nikafungua ile vali ndogo inayoruhusu oili kwenda kusukuma mtambo wa juu. Inashikwa na bolti moja tu. Ina kichujio chembamba cha waya, na kichujio kile kilikuwa kimejaa utando mweusi. Nikakiweka kiganjani mwa Fundi Mkuu. Akakipapasa kwa ncha ya kidole, akarudia.

"Hiki nini?"

"Oili hupita humo, Fundi."

"Humu?"

"Humo."

"Matundu haya hata mchwa hapiti! Nani aliyeunda kitu kama hiki?"

"Ndivyo zilivyo siku hizi. Oili yasukuma vali, haipaki tu."

Akakaa juu ya kizingiti cha mlango, kile kichujio kimo mkononi. Nilisikia kuku wa jirani na sauti ya Mwanatumu akivuta kamasi nyuma yangu. Kisha mzee akainua kichwa.

"Mwanatumu! Lete kichujio cha chai. Na vikombe viwili, si vile vya maua."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu ile siku ya uji. Mwanatumu alikimbia hata akaacha kiatu kimoja.

Mzee aliniamuru nitoe oili zote mbili, ile yake mpya kutoka kwenye debe na ile nyepesi, tano-thelathini, ambayo alijua ninayo kwenye boksi langu bila ya mimi kusema. Akashika kichujio juu ya kikombe, nikamimina nyepesi kidogo. Ikapita, akaisikia inadondoka. Kikombe cha pili nikamimina hamsini. Akangoja. Akatega sikio. Akangoja tena.

"Bado?" aliuliza.

"Inakuja, Fundi."

"Naijua. Yaja." Akasugua tone la moja, akasugua tone la nyingine. "Na asubuhi, injini ikiamka baridi, na matundu ni yale ya mchwa, hii itafika lini?"

Mwanatumu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, akimtazama babake miguuni.

"Baba, mimi nikipika wali wa nazi naanza na tui jepesi. Mchele unywe kwanza. Tui zito natia mwisho. Nikianza na zito, chini kunaungua na juu kubichi."

Mzee aligeuka upande wa sauti.

"Mamako ndivyo alivyofanya," alisema.

"Yeye ndiye aliyenifunza."

Halafu Fundi Mkuu akaniambia, "Mwaga."

"Nimwage ipi, Fundi?"

"Yangu. Mwaga yangu yote, safisha hako kachujio, tia hiyo nyepesi. Na moshi?"

"Moshi ni sili za vali, Fundi, zile raba ndogo za juu zinazozuia oili isishuke ikaungua. Zimekauka. Nitazibadilisha."

"Kumbe! Basi hamsini ilikuwa imeziba tu mdomo wa mgonjwa." Akacheka, kicheko kile kile cha gereji ya miwa ambacho sikukisikia miaka mingi. "Tena sikiliza. Wakikuuliza nani kasema itiwe nyepesi, uwaambie Fundi Mkuu kasema."

"Nitawaambia."

"Useme kwa nguvu. Na Golini wasikie."

Mwanatumu alikuwa amekwisha kupiga magoti, ameshika mkono wa babake, anaubusu, anasema niwie radhi, niwie radhi Baba. Mzee alimwacha aseme mara kadhaa, maana alikuwa na haki yake. Kisha akamwekea mkono kichwani.

"Nimekwisha kukuwia. Sasa inuka. Umenilisha mkate mkavu siku zote hizi, na mimi nasikia harufu ya nazi kutoka jikoni."

Sinia lilikuja. Kawa ilifunuliwa. Sisi wanaume wawili tulikula wali na samaki wa kupaka tukiwa na mikono inayonuka oili hata baada ya kuiosha, na Mwanatumu alisimama mlangoni anahesabu matonge ya babake kwa macho. Mzee alikula, akakwangua, akalamba kidole kile kile cha kazi.

"Chumvi imepungua," alisema.

Haikupungua. Nilikuwepo. Lakini Mwanatumu alikimbilia jikoni kuleta chumvi huku akilia na kucheka, na sijawahi kumwona mpishi aliyefurahia kukosolewa namna ile. Wiki iliyofuata kigari kilipanda Golini na masufuria yote, mzee mwenyewe amekaa mbele, dirisha wazi, anasikiliza injini na kuamkia watu asiowaona.

Mimi sasa nimestaafu. Mgongo ulikataa kuingia chini ya magari, na banda la Mwabungo nimelikodisha kwa yule yule kijana wa Ukunda mwenye mashine, ambaye amejifunza kusema shikamoo na kuacha kuita oili ya wazee wa watu uji. Vijana hunijia wakitaka jibu moja: nzito au nyepesi? Nawakatisha tamaa. Gari jipya, fuata kitabu chake. Gari lililotembea sana, linalobeba mzigo, linalopanda vilima kwa jua kali, kitabu chenyewe mara nyingi huruhusu kupanda hatua moja. Hatua moja, si kuruka ukuta. Na pikapu ya dizeli ya Fundi Mkuu, iliyo uani kwake tangu enzi za miwa, bado inakunywa hamsini na inawaka kwa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe humtilia, na tukimaliza yeye hulipiga kofi bodi lake kwa mapenzi.

Fundi Mkuu ni mzima, alhamdulillahi, na amekuwa mhubiri wa oili nyepesi. Barazani kwake huwaambia watu, "Injini za leo zina matundu ya mchwa. Msitie kitu kwa kusikia jirani. Mimi nimesema hivi siku zote." Siku zote! Wazee wenzake hukohoa. Vijana hunigeukia mimi, kwa kuwa wanajua jina lake la mtaani, wakaniuliza kwa kuminya jicho, "Ati Ami, ni kweli Fundi Mkuu alifundisha hivyo siku zote?"

Nami huwajibu ni kweli kabisa. Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa na shati jeupe, alinidondoshea tone kidoleni akaniambia niiulize injini, nisimwulize yeye. Ni sisi tuliochelewa kumsikia, na yeye pia.